Ushuru wa soko hauulizi babu yako kazaliwa wapi

Ukinunua sabuni dukani huku mipakani, Kasulu, Ngara au Tarime, kodi imo humo humo kwenye bei na hakuna anayekuuliza bibi mzaa mama alizaliwa upande gani wa mpaka. Mama anayeshusha ndizi sokoni alfajiri anakatiwa ushuru wa halmashauri kama wenzake wote. Kijana akimaliza form six akaitwa JKT kwa mujibu wa sheria anaripoti kambini, na wakati wa vita ya Kagera, 1978 na 1979, mgambo waliokwenda mstari wa mbele walitoka kila kona ya nchi hii ikiwemo hiyo hiyo mikoa ya pembezoni, sijawahi kusikia kuna mtu aliyerudishwa nyumbani kwanza akalete ushahidi wa babu yake. Ila siku unaenda kuomba pasi ya kusafiria, au namba ya NIDA, au unachukua fomu ya kugombea udiwani, hapo ndo ukoo mzima unafufuliwa: baba kazaliwa wapi, babu alikuja mwaka gani, hiyo lugha mnayoongea nyumbani ni ya wapi.

Najua kuna mtu atasema kodi hata mgeni analipa, na sheria hata mgeni anatakiwa kuitii. Ni kweli. Lakini Katiba yetu ya 1977 ibara ya 28 inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru, mamlaka, ardhi na umoja wa taifa, huo sio wajibu wa mgeni huo, na watu wa mipakani wameubeba toka nchi inapata uhuru. Wajibu wanaupata bila kuhojiwa, haki wanaipata baada ya kuhojiwa, na anayetoa jibu la mwisho ni ofisi sio mahakama. Mimi naona hili ndo tatizo kubwa zaidi la uraia hapa Tanzania, kubwa kuliko hata uraia pacha ambao ndo tunaubishania kila siku mitandaoni, maana uraia pacha ni suala la mtu anayetaka uraia wa pili, huku tunaongelea mtu ambaye huo mmoja alionao unaweza kutiliwa shaka asubuhi moja akabaki hana hata mmoja.

Tuanze na Katiba yenyewe maana wengi hawajui hili. Ukiisoma Katiba ya Jamhuri ya Muungano mwanzo mpaka mwisho hutakuta sehemu inayosema raia ni nani. Inasema raia ana haki ya kupiga kura akifika miaka 18, ina haki ya raia kwenda popote na kuishi popote, ibara ya 17 inataja kabisa haki ya kutofukuzwa kutoka ndani ya nchi, lakini huyo raia ni nani Katiba imekaa kimya, kazi hiyo imeachiwa sheria ya kawaida ambayo ni Sheria ya Uraia ya 1995. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 ina sura nzima ya uraia, na inasema uraia wa kuzaliwa unaweza kuondolewa kwa sababu chache tu zilizoandikwa humo humo, mfano ulipatikana kwa udanganyifu. Sisi tulikuwa na nafasi ya kuweka kitu kama hicho kwenye mchakato wa Katiba mpya, rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilikuwa na sehemu ya uraia, tunajua wote mchakato ulikwama.

Sasa hiyo sheria ya 1995 inasemaje. Kuna njia tatu: kuzaliwa, kurithi (yani umezaliwa nje ila baba au mama ni raia), na tajnisi, ambayo mgeni anaomba na waziri anampa au anamnyima. Kwenye kuzaliwa kifungu cha 5 kinasema kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake, yani kuanzia tarehe 26 Aprili 1964, ni raia toka siku aliyozaliwa, isipokuwa watoto wa mabalozi wa nje na wa maadui kwenye eneo lililovamiwa. Ndivyo kilivyoandikwa. Lakini nenda ofisini uone, utaulizwa uraia wa wazazi, na wazazi wakiwa walizaliwa kabla ya uhuru utaulizwa wazazi wao walizaliwa wapi. Kwa hiyo kuna sheria iliyoandikwa na kuna sheria inayotumika, na mwananchi wa kawaida anakutana na hii ya pili.

Hilo swali la babu limetoka wapi? Limetoka 1961. Tanganyika ilipopata uhuru, aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja kama angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Aliyezaliwa hapa ila wazazi wote wawili wamezaliwa nje, huyo alitakiwa akajiandikishe ndani ya muda mfupi uliowekwa. Hebu fikiria mkulima wa Buha (Kigoma) au Bugufi (Ngara) mwaka ule, redio hana, barabara hakuna, kitabu cha sheria kiko Dar es Salaam tena kwa Kiingereza, nani angemwambia kwamba kuna fomu ya kujaza la sivyo mjukuu wake atasumbuliwa miaka 50 mbele? Na huo "nje" wenyewe uangalie vizuri. Kabla ya vita ya kwanza ya dunia Kigoma, Bujumbura na Kigali zote zilikuwa koloni moja la Mjerumani, Wabelgiji na Waingereza ndo wakaja kugawana. Mtu aliyehama kutoka milima ya Burundi kuja Kasulu mwaka 1910 hakuvuka nchi yoyote, alihama ndani ya koloni moja kama mtu anavyotoka Iringa kwenda Mbeya leo. Mpaka ulimfuata baadae. Kule Mara ukoo mmoja wa Wakurya au Wajaluo uko pande zote mbili za mpaka wa Sirari, kule kusini Wamakonde na Wayao wamekaa pande zote mbili za Ruvuma kabla hata hiyo mipaka haijachorwa.

Alafu kuna suala la makaratasi. Mwaka 2012 ni kama asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka 5 Tanzania Bara ndo walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Asilimia 13, tena hiyo ni juzi tu. Sasa mtu aliyezaliwa 1955 kijijini kwa mkunga wa jadi unamuomba cheti cha nani? RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wamefanya kazi kubwa toka waanze ule mpango wa kusajili watoto bure kwenye kata na vituo vya afya, hilo lazima tuwape, lakini cheti cha mtoto wa leo hakimsaidii babu yake, na anayeulizwa ni babu.

Hapa ndo naomba msomaji atulie kidogo maana ndo moyo wa jambo lenyewe. Sheria yetu hairuhusu raia wa kuzaliwa kunyang'anywa uraia. Kunyang'anywa ni kwa aliyepata kwa tajnisi, mfano akifanya vitendo vya kuisaliti nchi au akifungwa kwa kosa kubwa muda mfupi baada ya kupewa. Ukisoma hivyo unasema safi, raia wa kuzaliwa amelindwa. Kumbe hajalindwa, maana hakuna haja ya kumnyang'anya, unamwambia tu kwamba hajawahi kuwa raia. Ukishasema hivyo zile kinga zote zinaanguka kwa mara moja: haki ya kutofukuzwa nchini ni ya raia, na wewe tumegundua sio raia. Ardhi? Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema asiye raia hagawiwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kura je? Ya raia. Kugombea, ajira serikalini, mkopo wa chuo wa mtoto, vyote vinaondoka kwa barua moja.

Na hili sio la kufikirika. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne sio raia wa Tanzania, na hawakuwa watu wa pembeni. Alikuwepo Jenerali Ulimwengu, mwanahabari ambaye aliwahi kuwa mbunge wa nchi hii. Alikuwepo Timothy Bandora, balozi wetu Nigeria wakati huo, yani mtu aliyekabidhiwa bendera akatuwakilishe nje. Wengine wawili walikuwa viongozi wa CCM, Anatoli Amani wa Kagera na Maudline Castico wa Zanzibar. Amani miaka ya baadae akaja kuwa meya wa Bukoba na Castico akawa waziri kwenye serikali ya Zanzibar, yani nchi ile ile iliyosema hawa sio wetu ikawapa ofisi za umma. Sasa kama balozi na mbunge wa zamani wanaweza kuambiwa hivyo, na wao wana elimu, wana jina, wana magazeti ya kuwasemea, muuza dagaa wa Kibirizi kule Kigoma atajitetea na nini?

Miaka ya baadae tena yakajirudia kwa namna nyingine. Twaweza, asasi ya utafiti, walitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, kura yao ya maoni, mwezi Julai 2018, muda mfupi baadae mkurugenzi wao Aidan Eyakuze pasi yake ikashikiliwa kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, ambaye alikuwa ameongea hadharani kuhusu Katiba mpya, naye akahojiwa na Uhamiaji kuhusu uraia wake. Siwezi kuingia kwenye kichwa cha mtu nikajua nia yake, inawezekana kila afisa alikuwa anafanya kazi yake. Lakini ukiwa na utaratibu ambao mtu anaweza kuongea Jumatatu na kuanza kuulizwa asili yake wiki inayofuata, na hakuna jaji anayeangalia katikati, basi utaratibu huo unatisha watu hata kama kila anayeutumia ana nia njema, na mtu aliyetishika hatimizi wajibu wake wa kiraia, ananyamaza.

Kesi inayoonyesha haya yote kwa pamoja ni ya bwana mmoja aliyesema amezaliwa Butiama mwaka 1979, jina lake naliacha japo hukumu iko wazi kwa kila mtu, ni ombi namba 012/2015 kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha. Huyu bwana mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati kufuatilia taratibu za ndoa yake. Ndoa, sio kesi. Pasi yake ikabaki huko huko kwa kuwa uraia wake umetiliwa shaka. Agosti 2014 akaenda Uhamiaji Manyara kuifuata, akakamatwa, na siku chache baadae akapelekwa mpaka wa Kenya. Wakenya nao wakasema huyu sio wetu, wakamtoa. Akaishia kuishi lile eneo la katikati pale Sirari, kati ya geti la Tanzania na geti la Kenya, hana nchi mbele hana nchi nyuma. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, alikuwa na kadi ya mpiga kura, alikuwa na pasi, vyote vimetolewa na serikali hii hii.

Hukumu ikatoka tarehe 22 Machi 2018 na naomba watu waisome maana imeandikwa kwa lugha nyepesi tu. Mahakama ilisema hivi: kama mtu ameishi toka kuzaliwa kama raia, na ana nyaraka ambazo serikali yenyewe ndo ilimpa, basi serikali inayokana ndo ithibitishe kwamba sio raia, sio yeye athibitishe kwamba ni raia. Kama maelezo ya waliohojiwa kuhusu wazazi wake yanapingana, DNA ipo, kwanini haikupimwa? Ikasema amenyimwa haki yake ya uraia kiholela, amefukuzwa kiholela, na hakupewa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Ikaiamuru Tanzania imruhusu arudi na irekebishe sheria ili mtu ambaye uraia wake unabishaniwa apate pa kwenda kulalamika. Mwaka uliofuata, Novemba 2019, Tanzania ikaondoa lile tamko lililokuwa linaruhusu mtu binafsi na asasi kupeleka kesi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kwa hiyo mwingine yakimkuta leo hata ule mlango aliopitia yule bwana haupo tena.

Kwanini hakuwa na pa kwenda kulalamika hapa nyumbani? Kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia. Kinasema waziri halazimiki kutoa sababu za uamuzi wake kwa yale mambo ambayo sheria imemuachia ayaamue, na uamuzi wake ni wa mwisho. Kwenye tajnisi mtu anaweza kukitetea, mgeni anaomba fadhila na nchi ina haki ya kusema hapana, sina ugomvi sana na hapo. Ila kwa mtu aliyezaliwa hapa kinaacha shimo, maana sheria haina sehemu yoyote inayomuonyesha njia ya kwenda mahakamani uraia wake wa kuzaliwa ukikanwa. Linganisha na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inayosema haki ya mtu inapoamuliwa lazima asikilizwe kikamilifu na awe na haki ya kukata rufaa. Ukigombania ng'ombe mmoja na jirani unayo mahakama ya mwanzo, ya wilaya, Mahakama Kuu mpaka Mahakama ya Rufani. Ukigombania nchi yako una barua.

Serikali ina hoja na sitaki kuidharau. Mkoa wa Kigoma umepokea wakimbizi toka 1972, tena 1993, tena 1996 kutoka Kongo, tena 2015. Kuna watu kweli wananunua vitambulisho, kuna wenyeviti wa vitongoji wanaoandika barua kwa elfu kumi kwamba namjua huyu toka mtoto, na nchi isiyojua watu wake ni nani haiwezi kupanga hata dawa za zahanati. Uhakiki lazima uwepo. Na nchi hii imeshaonyesha inaweza kufanya kwa ustaarabu, wale wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, takriban watu 162,000 walipewa uraia kwa tajnisi, wakaanza kupewa vyeti 2014, ni jambo ambalo nchi chache sana duniani zimewahi kufanya na mimi naliona kuwa fahari yetu kubwa. Sasa linganisha. Aliyekuja mkimbizi alipitia utaratibu unaojulikana, akaandikwa, akapewa karatasi hakuna wa kumhoji tena. Muha ambaye ukoo wake uko Kasulu toka enzi za machifu hana karatasi hiyo, anabaki anahojiwa. Wenzetu Kenya nao walikuwa na jambo kama hili kwa Wamakonde wa Kwale waliokwenda kufanya kazi kwenye mkonge na miwa, vizazi vimezaliwa kule bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipoamua kutembea kwenda Nairobi kumuona Rais, na Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe. Ilichukua watu kutembea kwa miguu.

Hapo hapo niseme la kina mama haraka. Mwanaume wa Kitanzania akioa mgeni, mke ana njia yake nyepesi ya kuomba uraia kupitia ndoa. Mwanamke wa Kitanzania akiolewa na mgeni mume hana njia hiyo, anaingia foleni ya tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Wote wawili wanalipa kodi ile ile. Sioni sababu yoyote ya kulitetea hili mwaka huu tulionao.

Watu wananiuliza raia afanye nini sasa, maana tumezoea kudai tu. Katiba ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba na sheria za nchi, ila marekebisho ya sheria ya 2020 yakaweka sharti kwamba anayefungua kesi ya namna hiyo aonyeshe ameathirika yeye mwenyewe binafsi. Maana yake asasi au jirani mwema hakuweza tena kirahisi kumsemea muuza dagaa, ilibidi asubiri yamkute yeye, mpaka 2025 Mahakama ya Rufani ilipolitangaza sharti hilo kuwa kinyume cha Katiba. Mengine yaliyo mikononi mwetu ni madogo ila yafanyike: sajili mtoto akiwa na wiki sio akiwa anaenda form one, tunza kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo cha mzee, stakabadhi za kodi ya kichwa kama bado zipo kwenye sanduku la bibi, hizo zimeokoa watu. Wewe mwenyekiti wa mtaa usiandike barua ya mtu usiyemjua, na usimkatae unayemjua kwa sababu mmegombana shamba, maana kesi nyingi za "huyu sio raia" kule vijijini zinaanzia kwenye mipaka ya mashamba na ugomvi wa udiwani, sio kwenye usalama wa taifa. Ukiitwa Uhamiaji nenda, kuitikia wito ni wajibu, ila omba kila kitu kwa maandishi na ukiacha nyaraka zako omba karatasi inayosema umeziacha.

Kwa upande wa sheria mambo ni manne na hakuna linalohitaji hela. Aliyeishi kama raia na ana nyaraka za serikali ahesabiwe raia mpaka serikali ithibitishe vinginevyo. Nyaraka zake zibaki kwake wakati uchunguzi unaendelea, na uchunguzi uwe na mwisho, sio mtu anakaa miaka miwili anafuatilia pasi. Hakuna kuvushwa mpaka bila amri ya mahakama. Na kifungu cha 23 kiandikwe upya, kisimguse kabisa raia wa kuzaliwa, na sheria iseme wazi kwamba ubishi wa uraia wake unaamuliwa na Mahakama Kuu na rufaa ipo. Wabunge wa Kigoma, Kagera, Mara, Ruvuma na Mtwara, kanuni za Bunge zinawaruhusu kuleta muswada binafsi, hamuhitaji kusubiri serikali ilete. Watu wenu ndo wanaolala na hofu hii. Hicho kifungu ni kifupi sana, anzeni na hicho.